Ng'ombe wa Susu na Tumbo Langu

Machakos,
Ijumaa mchana

Mwanangu Ndunge,

Umeenda kusukwa, na ninavyomjua yule msusi wako, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kuandika bila wewe kuniuliza ninaandika nini. Cherehani nimeifunika. Sare za wateja zitangoja. Wamezoea kungojeshwa na mafundi, na leo mimi si fundi.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kufuli. Umelelewa na mama yangu, susu wako, na mtu aliyelelewa na yule mama hafundishwi kufunga mlango. Nina jambo moja tu la kukuambia. Nimekaa nalo miaka mitano, na jana ndipo nilipoona kwamba sina siku nyingine.

Jana ulikuwa umejilaza kitandani na kile kitabu chako kipya cha uuguzi, ukaniita nije nione mchoro. Ukasema, "Mum, ona, kumbe tumbo ya chakula ni kadogo hivi." Nikakujibu kwamba niko na kazi. Sikuwa na kazi. Nilitoka nikasimama karibu na tangi la maji. Kesho unaenda Eldoret kusomea uuguzi, na huko, mwaka huu au mwaka ujao, mwalimu atawafundisha operesheni ya kupunguza tumbo la chakula ili mtu mnene apungue. Atawaambia inavyofanywa na alama inazoacha: vidonda vitano vidogo, vimetawanyika tumboni kama vifungo vilivyoshonwa na mwanafunzi. Hizo alama wewe unazijua. Umeziona nikibadilisha nguo, na uliambiwa kwamba hapo ndipo nilipotolewa uvimbe. Utaelewa pale pale, umekaa katikati ya watu usiowajua. Sitaki iwe hivyo. Kama ni kuumia, umia hapa nyumbani, nikiwa karibu unitukane.

Sikuwa na uvimbe, Ndunge. Sijawahi kuwa na uvimbe.

Nilikuwa mnene. Unakumbuka. Mwanzoni mwili ulinipa heshima, watu wakasema duka linanilipa vizuri. Halafu ukaanza kunidai. Magoti yalikataa kukanyaga cherehani. Sukari ikapanda, presha ikaifuata, na usiku nilikuwa nalala nimeketi kwa sababu nikilala chali pumzi inakatika. Daktari wa sukari, mama mmoja mpole asiyepamba maneno, aliniambia dawa zimefika mwisho wa uwezo wao. Akasema kuna hospitali Nairobi wanakata sehemu kubwa ya tumbo, na kwamba mtu wa hali yangu angekuwa mjinga kukataa. Nikaenda kwa watu wa bima niliyokuwa nailipia kila mwezi. Wakaniambia hayo ni mambo ya urembo, hawalipii urembo. Mimi, niliyekuwa nimevaa siku ile gauni nililojishonea kwa kitambaa cha pazia kwa kuwa ndicho pekee kilichotosha.

Sasa pesa zitoke wapi? Kwa watu, kama kawaida yetu. Mtu akiugua tunachanga. Lakini nilipokaa kufikiria nitakavyowaambia, nilikumbuka mwolyo. Wewe hujawahi kula mwolyo. Umesikia tu wazee wakitaja chakula cha msaada, yale mahindi ya njano yaliyokuwa yakija na lori mvua ikikataa. Mama yangu alipanga foleni ya mwolyo nikiwa mgongoni mwake. Alikuwa akichemsha kidogo, ananipa mimi, halafu anakunywa maji ya ile sufuria na kusema ameshiba. Nilijiuliza nitaanzaje kumwambia mwanamke yule kwamba mtoto wake ameshiba mpaka inabidi akatwe tumbo, na kwamba pesa za kukatwa zichangwe na watu wa kijijini kwetu Mitaboni, ambao nusu yao hawakuwa wamevuna msimu ule. Hiyo ndiyo aibu iliyonishinda. Wala sikupigana nayo sana.

Nikampigia simu mjomba wako Muia nikamwambia nina uvimbe tumboni. Neno lilitoka rahisi kama salamu. Muia akasema, "Usijali. Hiyo tutasimama nayo." Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya wengine. Yangu bado naitembea.

Mchango ulifanyika nyumbani kwa Muia na wewe ulikuwepo, ukigawa soda. Uliona akina mama wa kanisa walivyotoa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele na leso begani, nikiombewa uvimbe ukauke, nikiitikia amina. Halafu susu akasimama akasema yeye hana pesa, lakini ana ng'ombe.

Yule ng'ombe mwekundu unamjua kuliko mimi, ulikuwa ukimkamua. Siku ya soko alinunuliwa na yule mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akija kutoka Kithimani. Muia aliniambia kwamba yule mzee aliposikia ng'ombe anauzwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa, hakubishana bei, na baada ya kulipa alitoa noti nyingine mfukoni akampa susu, akasema, "Hii ni ya dawa ya mgonjwa, mama." Hata mtu asiyenijua nilimdanganya. Na wewe ulikunywa chai ya rangi kidato cha pili chote. Siku moja uliniambia unaipenda kuliko ya maziwa. Nilijua unanifariji, na nikakubali kufarijiwa.

Nikakatwa. Sitakudanganya tena, kwa hiyo nikuambie na hili: ilinisaidia. Sukari ilishuka, dawa zikapunguzwa, na siku ya kwanza nilipoinama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha. Lakini hakuna niliyeweza kumwita aje aone. Ningemwambia nafurahia nini?

Maisha ya tumbo dogo utayasoma kitabuni, ila kitabu hakitakuambia yote. Vijiko sita na umefika mwisho. Kijiko cha saba kinakaa kifuani kama jiwe. Maji hunywi na chakula, unangoja. Mandazi moja na chai yenye sukari, jasho linakutoka, moyo unakimbia, unajikuta umelala kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia huku mteja anagonga mlango. Nywele zilitoka kwa mafungu. Ngozi ya mikono ilining'inia, nikajishonea mikono mirefu mpaka wateja wakaanza kuiga wakidhani ni fasheni. Nguo zangu nimezipunguza mara nne. Na vidonge vya vitamini ni vya kila siku mpaka kaburini, vile ulivyokuwa ukiviona ukidhani ni vya uvimbe.

Watu nao walikuwa na macho. Kwetu mtu akipungua haraka hasifiwi. Mwanamke mmoja aliyeleta sketi ya kubadilishwa zipu alininong'oneza siku za kliniki ya kuchukulia dawa za virusi, akanishika mkono, akasema siku hizi hakuna haja ya kuona haya. Alikuwa na moyo mzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliumbuliwa na kupona.

Sasa nifike Krismasi ya mwaka ule, maana kila kitu kiliharibika siku hiyo, na kwa sababu ndogo sana.

Susu alikuwa amechemsha muthokoi wa mahindi ya kutwanga tangu alfajiri, na nzuu, mbaazi za shambani mwake, na akachinja jogoo. Alinipakulia sahani ile ile ya zamani, ya mama fundi mnene. Nikala vijiko vyangu sita nikaiweka chini. Akaniangalia. Akaniita binti yake, kama zamani: "Kula, mwiitu wakwa. Umebaki mifupa, na daktari amesema ile kitu ilitoka." Miezi minane ilikuwa imepita, na kisingizio cha kidonda kilikuwa kimekwisha. Ningemwambia pale. Tulikuwa sisi tu, wewe ulikuwa umeenda kanisani na wenzako. Badala yake nikaona nimfurahishe. Nikaichukua ile sahani nikaimaliza yote, haraka, huku anatabasamu.

Sikufika mbali. Nilitapika nyuma ya jikoni, karibu na ghala, nimeshika ukuta. Mke wa Muia akanikuta. Alileta jagi la maji, akanimwagia mikononi, akauliza polepole, "Chakula ya mamako imekukataa?"

Nikamjibu, "Sijui ni nini."

Nilijua vizuri sana ni nini. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu lililokuwa karibu. Lakini wewe ni mtoto wa Mitaboni, unajua maneno yale yanapelekwa wapi. Mwanamke anakula kwa mama yake, anatapika, anazidi kukonda, na mwenyewe anasema hajui ni nini. Watu watamjulia. Mwaka mpya ulipoingia, habari kwamba susu huweka kitu katika chakula ilikuwa imefika sokoni. Akina mama waliokuwa wakiazima chumvi kwa susu wakaacha kutuma watoto wao kwake. Sidhani kama mke wa Muia alikuwa na nia mbaya. Alisema alichoona. Mimi ndiye niliyeona zaidi nikanyamaza.

Pasaka nikarudi. Wewe ulikuwepo mara hii, umeshika birika la kutunawisha. Susu alipakua uji kwenye kibuyu, na kabla ya kunipa, akainua, akanywa yeye kwanza, taratibu, nimwone anavyomeza. Kisha akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja akaninyooshea.

Mwenye nyumba huonja hivyo kwa ajili ya mgeni, mtu wa mbali, ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Haonjei mtoto aliyemzaa. Mama yangu alinionjea, Ndunge. Alikuwa ameyasikia yote, na hakuniuliza, wala hakunigombeza. Alijitetea tu kwa njia aliyoijua. Na mimi, nikiwa na tumbo nililonunuliwa na ng'ombe wake, nilikunywa mafunda mawili nikasema nimeshiba.

Nilikuona ukitutazama. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Niliona unavyohesabu.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema hata hapo. Nimejiuliza mwenyewe nikiwa kwenye cherehani, nikioga, nikiwa kanisani. Ningemwambia sina uvimbe, ningelazimika kumwambia ng'ombe aliuzwa kwa nini. Kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Nilikuwa najiambia nitamnunulia ng'ombe mwingine kwanza, nimpeleke mpaka zizini, ndipo niseme. Nilitaka kuukiri uongo wangu nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe. Lakini karo yako ikaja, kodi ya duka ikaja, na mama yangu akaja akaugua.

Siku ile ya mwisho nilipozungumza naye ulikuwa umeenda kuchota maji. Alikuwa amelala ameutazama ukuta, nikafikiri amesinzia. Akasema bila kugeuka, "Mwiitu wakwa, mimi sijawahi kukuwekea kitu kwa chakula."

Nikasema, "Najua, mwaitu. Najua, mama."

"Kama wajua, mbona huli?"

Ndunge, nilipewa swali. Mama yangu alinifungulia mlango mwenyewe, na chumbani hatukuwa na mtu mwingine, na nilikuwa na muda. Nikasema, "Tumbo tu linanisumbua, mama." Akaitikia, "Haya." Akavuta blanketi. Siku nne baadaye akafa.

Lile "haya" nalisikia mpaka leo. Hakuliamini jibu langu. Alichoka tu kuuliza. Alikufa akiwa anaamini kwamba mtoto wake wa pekee wa kike alimshuku, na kwamba hata kitandani alishindwa kunisafisha moyo. Nimevunjika, mwanangu. Nashona, nacheka na wateja, nabishana na wauza vifungo, lakini ndani nimevunjika na sioni dawa.

Kwenye mazishi nililia mpaka watu wakanishika. Wewe ndiye uliyekuja ukanisimamisha, ukaniambia sikioni, "Usilie, mum. Ulikuwa unamuogopa." Hukusema kwa ukali. Ulisema kama mtu anayemweleza mwingine jambo. Tangu siku ile hujalirudia, lakini kila ukinipakulia chakula hapa nyumbani unaonja kijiko kimoja kwanza, halafu ndio unaniwekea sahani mbele. Sijui kama unajua unafanya hivyo. Miaka miwili nimekula chakula kilichoonjwa na mtoto wangu, na kila mara nasema asante.

Sijui nikupe ushauri gani. Mama wengine hujaza karatasi kwa mashauri. Nikiwafikiria wagonjwa utakaowahudumia, nadhani kuna wengi watakaokuja na uvimbe kama wangu, yaani na neno walilolishika kwa kuwa la kweli linawatia haya. Uwe na subira nao. Waulize mara ya pili. Mama yangu aliniuliza mara moja tu, na si kosa lake, lakini nafikiri labda ile ya pili ingenitoa.

Na kuhusu mwili, naona wako umeanza kuufuata wangu. Viuno vyangu vile vile, na ile njaa ya jioni. Nimeona unavyosita kuvaa ile suruali ya kijani. Sikuambii ule nini. Sikuambii ukatwe wala usikatwe. Mimi sikujutia operesheni hata siku moja, na ikiwa siku moja daktari atakuambia unaihitaji, itafute. Ila sema jina lake. Liseme kwa watu watakaokuchangia, hata wakicheka, hata wengine wakirudisha pesa zao mfukoni. Pengine wangecheka Mitaboni. Pengine susu angesonya, akaniita mlafi mbele ya kanisa zima. Halafu najua angetoa ng'ombe vile vile. Hilo ndilo linaloniua zaidi, kwamba najua angetoa.

Jumapili nitakuwa Mitaboni. Nimemwambia Muia nataka kusimama baada ya ibada niseme neno. Anadhani ni la kushukuru kwa kuwa umepata chuo. Nitawaambia nilichokuambia hapa, na mke wake nitamwambia mbele za watu kwamba siku ile nyuma ya jikoni nilijua ni nini. Wanaotaka kurudishiwa nitawarudishia polepole, nikishona. Naogopa, lakini mama yangu alitembea zaidi ya miaka miwili katika soko lile akitazamwa, na hakuwa amefanya lolote.

Wewe umebeba jina lake. Kuna watu kule wanaolitamka jina hilo wakishusha sauti, na walianza kwa sababu yangu. Kwa hiyo barua hii nimekupa iwe yako. Huna haja ya kunifichia. Msomee Muia, wasomee wenzako, msomee mtu yeyote atakayekuuliza susu wako alikuwa mtu wa namna gani.

Naiweka juu ya begi lako, si ndani, ili uisome ukiwa bado una nafasi ya kunitazama usoni. Ukitaka kunisemesha leo, nipo. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, nitakufungulia lango na sitakulaumu. Sikuombi unisamehe. Ninaomba tu usiende Eldoret ukiamini kwamba kulikuwa na kitu katika chakula cha yule mama.

Ni mimi mama yako, niliyempenda mama yangu kuliko watu wote, nikamwacha afe akidhani namwogopa.